Gunia la Kilo Nane

Jumatatu tarehe ishirini na mbili, saa mbili na dakika kumi asubuhi, mzee mmoja fundi viatu, vidole vimeganda gundi, aliweka risiti juu ya kaunta ya madai ya posta, akaibana kwa kidole kana kwamba feni ingeipeperusha. Risiti ilisema: kifurushi kimoja, kilo 2.4, kimepokelewa tarehe tano. Kilipaswa kumfikia binti yake, mji mwingine, ndani ya siku tatu. Hakikufika.

"Pole sana, mzee," alisema karani wa madai. "Ila kuna nafuu: fidia yako imetoka. Siku saba kamili tangu uje kudai. Weka saini hapa uchukue hela zako."

"Sijaja kuchukua hela. Nimekuja kuchukua viatu."

"Viatu vimepotea, mzee wangu."

"Basi endeleeni kuvitafuta."

"Hatutafuti tena. Ulishakubali fidia." Karani aligeuza fomu, akamwonyesha saini chini ya mstari wa mwisho. "Hii si yako?"

"Ni yangu. Wiki iliyopita uliniambia nisaini kwamba nimefika."

"Jamani, kama hazitaki hizo hela, mimi nipo!" alisema mtu wa nyuma, na foleni nzima ikacheka. Mzee hakugeuka. Alikunja risiti mara mbili, akaikunjua tena.

Wenzake walimwita karani huyo Bwana Pole, kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akimpokea mteja kwa neno jingine. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja kazini, mgongo mbovu, na sifa ya upole kuliko wote. Watu waliopotelewa na mali waliondoka kwake wakimshukuru.

Hatua tatu nyuma ya kaunta alisimama mkaguzi wa ofisi, mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, akihakiki stempu. Utaratibu wa siku saba ulikuwa wake. Zamani posta ilitafuta kifurushi siku thelathini kabla ya kulipa. Mwaka uliopita yeye aliandika waraka wa kupunguza siku hizo ili wateja wasisumbuke, na makao makuu yakampa barua ya pongezi. Hakuwahi kumwona mteja akikataa matunda ya waraka ule. Alimwita mzee ofisini kwake.

"Ndani mlikuwa na nini hasa?"

"Viatu vya mjukuu wangu, vimeunganishwa kwa kipande cha chuma. Alizaliwa mguu umepinda. Wamemnyoosha kwa plasta ngumu wiki sita. Ijumaa hii plasta ya mwisho inatolewa, na siku hiyohiyo avae viatu. Asipovaa, mguu unarudi ulikotoka."

"Huwezi kushona vingine?"

"Chuma peke yake nilikisubiri siku kumi. Leo ni Jumatatu, mama. Hesabu mwenyewe."

Mkaguzi alipiga simu kwa binti. Ilikuwa saa tatu kasoro dakika tano. Alijitambulisha, akaeleza, akangoja. Upande wa pili mtu alicheka bila furaha.

"Baba amekwambia posta imempotezea? Hebu mwulize sare zangu za shule zilipotelea wapi. Mwulize godoro langu la bweni. Hiyo posta yenu inapoteza vitu vyangu tangu niko darasa la tano, dada. Mimi nimeshamaliza kusubiri. Baba yangu hajawahi kutuma kitu."

Simu ilikuwa na sauti kubwa. Mzee alisikia kila neno. Mkaguzi alipoirudisha mezani, alimkuta ameinamisha uso, anakwangua gundi kwenye kidole gumba.

"Anasema kweli?"

"Kweli. Nilikuwa mlevi. Hela zikiisha, namwambia nimetuma, posta wamepoteza."

"Na safari hii?"

"Safari hii nimetuma." Aliacha kukwangua. "Najua inavyosikika."

Ilisikika vibaya. Mkaguzi aliandika katika daftari lake: *Mdai ana historia ya kudai upotevu usiokuwepo.* Boksi lenye mawe nalo hufika kilo 2.4, na mtu aliyemdanganya mwanawe hashindwi kuidanganya posta. Lakini hayo yalikuwa mambo ya kupima, na mizani anayo.

Saa sita mchana alifika kwenye karakana ya mzee, chumba kimoja chenye benchi, cherehani ya ngozi na dirisha dogo. Mzee alikuwa amebakiza jozi ya majaribio iliyokatwa vibaya, ngozi ileile, saizi ileile. Mkaguzi aliiweka kwenye mizani aliyokuja nayo: kilo 0.9. Kipande cha pili cha chuma, kilichonunuliwa pamoja na kile kilichotumwa, kilikuwa kilo 1.1. Boksi tupu la aina ileile na karatasi zake, kilo 0.4. Alijumlisha mara mbili, ingawa mara moja ilitosha.

"Mzee," alisema, "nilidhani ulituma mawe."

"Hata mimi ningedhani," alijibu fundi.

Meneja wa posta hakuhitaji mizani. "Ni yule Breki tu," alisema saa nane na nusu, miguu juu ya kiti cha pili. "Dereva ndiye anayebeba magunia kila jioni kuyapeleka stesheni. Nilikwambia siku nyingi."

"Breki alisimamishwa kazi lini?"

"Si uliisaini barua wewe mwenyewe?"

"Niliisaini tarehe mbili. Kifurushi hiki kilipokelewa tarehe tano."

Meneja alishusha miguu, mmoja baada ya mwingine. Mkaguzi naye alijua kwamba barua ile aliisaini bila kuhoji, kwa kalamu iliyokuwa bado mfukoni mwake.

Jumanne saa mbili asubuhi alimkuta dereva nyumbani, anafua nguo za watoto kwenye beseni uani. Breki hakuinuka.

"Karibu, bosi. Umekuja kupekua na hili beseni?"

"Nimekuja kukuuliza."

"Uliza. Siku ile mlinivua mkoba mbele ya wateja, hamkuuliza. Mama mkwe wangu yumo kwenye foleni, kaja kununua stempu. Mnatoa vitu kimoja kimoja: kitana, soksi, leso. Mama wa watu anatazama ukutani." Alikamua shati kwa nguvu. "Tangu siku hiyo hajaja hapa. Mke wangu anasema mama anaumwa miguu."

Mkaguzi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa ameandaa maneno ya kuomba radhi, lakini aliyaona mepesi, akayaacha.

"Kazini, kuna gunia lolote ulilokatazwa kubeba?"

Breki aliacha kufua.

"La stesheni, hapana. Lakini yale ya mnada, ndiyo. Mimi ndiye nilikuwa nayatoa ghalani siku ya mnada. Kila mwezi kuna moja Bwana Pole ananiambia, 'Hilo niachie.' Analibeba mwenyewe mpaka ukumbini. Nikamwambia, mzee, na huo mgongo? Akasema daktari kamshauri mazoezi." Alicheka kidogo. "Sasa daktari gani huyo, wa mara moja kwa mwezi?"

Mnada ulikuwa jambo la kawaida. Vifurushi visivyo na mwenyewe, anwani imefutika au mtumaji hajulikani, vilikusanywa ghalani na kuuzwa kila Jumatano ya mwisho wa mwezi. Posta haikuuza kifurushi kimoja kimoja. Iliuza kwa gunia zima, limefungwa kwa lakiri ya nta, na hakuna aliyeruhusiwa kulifungua kabla ya kuuzwa. Kanuni hiyo ilitungwa zamani ili wafanyakazi wasichague vitu vizuri. Ufunguo wa ghala ulikaa kwa karani wa madai, kwa sababu ndiye aliyepaswa kutafuta humo kila kinapodaiwa kifurushi.

Mkaguzi alirudi ofisini saa nne, akafunga mlango, akafungua rejista ya madai ya miezi mitano. Vifurushi kumi na vinne viliripotiwa kupotea. Kwa saa nzima alitafuta vinapofanana: njia, siku, ukubwa, mji wa kupelekwa. Havikufanana. Ndipo alipoacha kutazama vifurushi, akatazama wadai.

Kumi na mmoja walikuwa wamesaini kukubali fidia siku ileile waliyokuja kudai. Katika vifurushi vyao kumi na kimoja hakikuonekana hata kimoja. Watatu walikataa kusaini: mwanasheria, askari mstaafu, na mwalimu mkuu mmoja aliyesoma fomu yote pande mbili huku foleni ikimsonya. Vifurushi vya hao watatu vilipatikana vyote, ndani ya siku mbili, "nyuma ya rafu". Aliyevipata alikuwa mtu mmoja. Saini yake ilikuwa nzuri, ya mviringo, ya shule za zamani.

Mkaguzi aliigusa kwa kidole. Saini ile aliifahamu vizuri. Miaka kumi na tisa iliyopita, alipoanza kazi, Bwana Pole ndiye aliyemfundisha kujaza rejista ile.

Hakutaka kuamini saini peke yake. Alichukua orodha za mnada, ambazo huandika uzito wa kila gunia, na jina la mnunuzi likishauzwa. Gunia tupu la posta lina kilo 0.7. Mwezi uliopita vilipotea vifurushi vitatu vilivyolipiwa fidia: kilo 3.1, 1.8 na 2.6. Jumla 7.5, pamoja na gunia, 8.2. Katika orodha ya mnada wa mwezi huo, gunia namba tisa: kilo 8.2. Mwezi wa nyuma yake, viwili, 5.3 na 4.6, pamoja na gunia, 10.6. Gunia namba nne: kilo 10.6. Miezi mitano yote ilikuwa hivyo, na kwa magunia manne yaliyokwisha kuuzwa mnunuzi alikuwa mwanamke mmoja mwenye duka la vitu vilivyotumika. Magunia mengine alinunua yeyote. Hilo moja alinunua yeye.

Mwezi huu vilipotea viwili. Kimoja kilo 4.9. Cha fundi viatu 2.4. Pamoja na gunia, kilo nane kamili. Orodha ya mnada wa kesho ilikuwa imebandikwa ubaoni tangu asubuhi. Gunia namba sita: kilo 8.0.

Jumatano saa nne kasoro robo wanunuzi tisa walikuwa wameshaketi ukumbini. Mkaguzi alikuwa amemwita meneja, fundi viatu na Breki. Bwana Pole aliingia akiwa amekumbatia gunia namba sita, akaliweka chini taratibu, akajinyoosha mgongo.

"Mnada unasimama kwa dakika chache," mkaguzi alisema. "Naomba wanunuzi wasubiri nje."

"Wasubiri nje kwa nini?" Breki aliuliza kwa sauti ya chini. "Mimi mlinipekulia mbele ya foleni."

Mkaguzi alimtazama, kisha akasema, "Kaeni."

Bwana Pole alitabasamu. "Mwanangu, kuna tatizo?"

"Gunia hili umelifunga wewe?"

"Nimelifunga mimi. Ndiyo kazi yangu."

"Lina nini?"

"Nitajuaje? Vitu visivyo na mwenyewe. Na kanuni unaijua, nilikufundisha mimi: halifunguliwi kabla ya kuuzwa."

"Basi silifungui. Breki, lipime."

Breki aliliinua kwa mkono mmoja, akaliweka kwenye mizani. Kilo 8.0. Mkaguzi alisoma kwa sauti, bila kupaza, vifurushi viwili vilivyopotea mwezi ule na uzito wake, akaongeza gunia. Akasoma mwezi wa nyuma. Akasoma wa nyuma yake. Alipofika gunia la tatu, wanunuzi walikuwa wameacha kunong'ona.

"Uzito ni uzito tu," alisema Bwana Pole. Tabasamu lilikuwa bado lipo, lakini limebaki mdomoni peke yake. "Vitu viwili vinaweza kulingana."

"Mara moja. Siyo mara tano."

Katika safu ya mbele, mwanamke mwenye duka la vitu vilivyotumika alikuwa ameshasimama, mkoba kwapani. "Mimi ni mnunuzi tu, jamani. Nanunua kama wengine. Mimi sijui vinatoka wapi." Aliona macho yote yamemgeukia, akapandisha sauti. "Shemeji, si useme kitu! Unaniachia mimi?"

Meneja alimtazama mwanamke, akamtazama karani.

"Shemeji?" alisema.

Bwana Pole aliketi kwenye kiti cha dalali. Alivua miwani, akaipangusa kwa tai, na hakuivaa tena.

"Mdogo wa mke wangu," alisema.

"Nikate lakiri?" mkaguzi aliuliza.

"Kata."

Kilichotoka kwanza kilikuwa kifurushi cha kilo 4.9, kimefungwa kwa kamba ya katani. Cha pili kilikuwa boksi la viatu lenye mwandiko mkubwa wa kalamu ya fundi. Mzee hakulikimbilia. Alisogea, akaliweka magotini, akaingiza mkono ndani na kushika chuma.

"Ulijua ni vya nini?" mkaguzi alimuuliza karani.

"Niliona kwenye karatasi, 'viatu vya mtoto'. Watoto wana viatu vingi."

"Huyu hana."

Bwana Pole alitikisa kichwa kama mtu anayekubali hesabu iliyofanywa na mwingine. Kisha alizungumza akitazama sakafu, na maelezo yake yaliandikwa na mkaguzi neno kwa neno.

"Kile cha kwanza sikuiba. Kilidondoka nyuma ya rafu. Siku ya saba nikamlipa mwenyewe fidia, akanishukuru, akanishika mkono. Siku ya tisa nikakipata. Ningemwendea vipi? Ningemwambia, dada, nilikuwa sijatafuta vizuri? Miaka thelathini nasifiwa. Niliona haya. Nikakitupia peke yake kwenye gunia tupu la mnada, nikasema kiende. Shemeji akalinunua kwa bahati tu. Ndani mlikuwa na vitambaa vizuri. Jioni akacheka mezani, akasema, 'Posta kumbe kuna mali.'" Aligeuza miwani mkononi. "Naishi kwake tangu mke wangu aumwe. Kila siku nakaribishwa kula, na kila siku nahesabiwa. Jioni ile, kwa mara ya kwanza, aliniwekea chakula kabla ya wengine. Mwezi uliofuata akaniuliza kama kuna kingine."

"Na saini za wateja?"

"Ukimwambia mtu pole, hasomi anachosaini. Wakisaini, hakuna anayetafuta tena. Wasiposaini, ofisi kuu inatuma mtu kutafuta, basi nakirudisha." Aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Zamani, zile siku thelathini, nisingeweza. Kila siku mtu anaingia ghalani. Ni hizi siku saba zako, mwanangu. Sikulaumu. Nakwambia tu."

Mkaguzi aliacha kuandika. Meneja alikohoa, akasema hilo si lazima liingie kwenye maelezo. Mkaguzi aliliandika, akaweka tarehe na saa: Jumatano, saa nne na dakika ishirini na tano. Chini yake aliongeza kwamba waraka wa siku saba ulitungwa na yeye, na barua ya kumsimamisha dereva ilisainiwa na yeye, bila uchunguzi wowote. Aliwapa meneja na Breki karatasi ile waisome. Breki aliisoma polepole mpaka chini.

"Umeandika 'bila uchunguzi wowote'," alisema.

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Nipe nakala. Kuna mtu nataka aisome."

Polisi walifika saa tano. Kabla hawajaondoka na karani na shemeji yake, mkaguzi alikuwa ameshaandika orodha ya wadai wengine waliosainishwa, kila mmoja na kifurushi chake. Barua zao angeziandika kwa mkono.

Fundi viatu alikuwa bado ofisini, boksi magotini.

"Naweza kulituma kwa gari la haraka," mkaguzi alimwambia. "Litafika kesho mchana. Posta haitatoza."

Mzee alimtazama kwa adabu. "Hapana, mama. Nalibeba mwenyewe. Kuna basi la saa saba."

"Nimpigie binti yako nimweleze? Mimi nikisema, ataamini."

"Ndiyo. Lakini ataiamini posta." Alinyoosha mkono kuelekea simu. "Nipigie, halafu nipe."

Iliita mara nne.

"Mimi baba yako. Viatu vimepatikana. Ninavyo hapa."

"Baba, usiniambie unaleta kama huleti. Ijumaa ni keshokutwa."

"Naleta." Mzee alishika simu kwa mikono miwili. "Sikiliza, mwanangu. Sare sikutuma. Godoro sikutuma. Posta haikupoteza kitu. Nilikunywa hela. Hivi viatu ndicho kitu pekee nilichowahi kukutumia."

Mkaguzi aliinuka ili atoke. Mzee alimwashiria akae, naye akakaa.

Upande wa pili alisikika mtoto akigonga kitu kigumu sakafuni, labda plasta.

"Basi lako linaingia saa ngapi?" binti aliuliza.

"Kesho saa kumi na mbili asubuhi."

"Nitakuwa stendi na mtoto. Usiposhuka, baba, usinipigie tena."

"Nitashuka."

Alirudisha simu mezani. Akafungua boksi, akatazama kiatu cha kwanza, cha pili, na chuma chao, akalifunga tena. Kisha akaaga na kwenda stendi, saa moja na nusu kabla ya basi.